Kimeng'enya cha pombe kwa funza wa inzi: usiwasage mwili mzima

Mkuu uliyeuliza kwa nini funza wa inzi wa matunda uliowatoa kwenye mabibo yaleyale wanakupa vipimo tofauti vya kimeng'enya cha kuvunja pombe kila ukirudia: shida ni kwamba unawasaga mwili mzima, tena wa umri mchanganyiko.

Nafundisha baiolojia huku Masasi, na msimu wa korosho hatuwatafuti, wanakuja wenyewe. (Nasema wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndoo ya uraka, ile pombe ya mabibo, siyo wale wakubwa wanaotoboa maembe. Hao ni ukoo mwingine.) Bibo likishachacha, funza anaishi humohumo kwenye pombe na ananenepa. Kimeng'enya chake huigeuza kuwa asetaldehidi, kisha asetati, na mwili unatengeneza mafuta. Kwake pombe ni chakula. Funza mwenye jeni mbovu ya kimeng'enya hicho, pombe kidogo tu inammaliza.

Sasa, kimeng'enya hicho hakijatapakaa mwili mzima. Chukua funza aliyekomaa, yule anayepanda ukuta wa chupa kutafuta pa kugeukia pupa. Mweke kwenye tone la maji ya chumvi chini ya hadubini, mbane kiwiliwili kwa sindano moja, kwa nyingine vuta ule mdomo mweusi taratibu. Zinatoka tezi mbili za mate, angavu kama kioo, halafu utumbo na mapande meupe ya mafuta. Ukitia rangi ya tetrazoli, inayogeuka zambarau pale kimeng'enya kinapofanya kazi, pamoja na NAD (kisaidizi cha kimeng'enya) na pombe, mafuta yanageuka zambarau, utumbo wa kati na mirija ya Malpighi (ya kutoa taka mwilini) navyo vinashika rangi. Tezi za mate, hamna kitu. Hapo ndipo wanafunzi huacha kupiga soga.

Umri nao usiupuuze. Utendaji hupanda hadi mwisho wa hatua ya tatu ya funza, hushuka kwenye pupa, hupanda tena inzi akishatoka. Jeni ni ileile, ila ina vianzishi viwili, yaani sehemu za kuiwasha, kimoja cha funza, kingine cha inzi mzima. Na usihesabu siku: vitabu vinasema siku 10 toka yai hadi inzi kwa nyuzi 25, lakini Novemba huku chumba kinapita hapo, kwa hiyo wanakua haraka zaidi. Wachague wanaopanda ukuta tu.

Halafu kuna aina mbili za kimeng'enya hicho, F na S, na F ina nguvu zaidi. Inzi wa porini wamechanganyika, kwa hiyo anzisha ukoo wako na jike mmoja.