Chan, Chen na Tan: je, ni ukoo mmoja?

SWALI: Babu yangu mzaa mama alikuwa Mchina. Aliishi Madagaska kabla ya kuhamia Mombasa, ambako alioa, akapata watoto na hatimaye akazikwa. Katika karatasi zake jina la ukoo limeandikwa Chan. Miaka ya karibuni nimefahamiana na Wachina wanaoitwa Chen, na familia moja ya Singapore inayoitwa Tan, na wote wananiambia kwamba sisi ni ndugu, tena wa uzao wa mfalme wa kale. Je, hayo ni jina moja? Lina maana gani? Na nitajuaje kama habari za huyo mfalme zinanihusu? Naambatanisha picha ya jiwe la kaburi la babu. Juu yake kuna herufi mbili kubwa ambazo hakuna aliyeweza kunifafanulia.

JIBU: Ndugu msomaji, nimeanza na jiwe kabla ya karatasi, kwa kuwa katika kazi hii jiwe lina kauli nzito kuliko pasipoti. Karani wa bandarini aliandika kwa herufi za Kilatini sauti aliyoisikia, lakini fundi aliyechonga jiwe aliandika herufi ya Kichina yenyewe, na herufi hiyo ndiyo jina. Mstari wa katikati, ukisomwa kutoka juu kwenda chini, unaanza na 顯考, maneno ambayo watoto humwandikia baba yao marehemu. Inafuata 陳, kisha 公, ambayo ni heshima apewayo mzee, na mwisho jina lake mwenyewe, ambalo sitalitaja hapa.

Kwa hiyo shaka moja imeondoka. Chan ni jina la ukoo kweli, wala si sehemu ya jina la babu yako. Wachina hutanguliza jina la ukoo, na makarani wa kikoloni katika visiwa vya Bahari ya Hindi mara nyingi hawakulifahamu jambo hilo. Huko Morisi zipo familia nyingi ambazo leo jina lao la ukoo ni jina zima la babu wa kwanza aliyeshuka melini, maneno mawili au matatu yakiwa yameshonwa pamoja. Familia yenu imesalimika na mkanganyiko huo.

Herufi 陳 husomwa Chen katika Kichina sanifu, na katika lugha za Kichina za kusini husomwa Chan kwa Kikantoni, Tan kwa Kihokkien na Kiteochew, na mara nyingi Chin kwa Kihakka. Nchini Vietnamu herufi hiyohiyo ni Trần, ambalo ni miongoni mwa majina yanayopatikana kwa wingi kabisa huko, na ndilo jina la nasaba ya wafalme waliotawala kuanzia 1225 hadi 1400. Utaiona pia imeandikwa 陈, yaani kwa umbo lililorahisishwa China bara katika miaka ya 1950. Tahajia ya Kilatini, basi, haikuelezi ukoo. Inakueleza lugha ya kinywa cha aliyetamka. Chan ni ushahidi wa Kikantoni, na mstari wa upande wa kulia wa jiwe unaafiki, kwa sababu unasomeka waziwazi 廣東順德: jimbo la Guangdong, wilaya ya Shunde. Sehemu kubwa ya Wachina waliohamia Madagaska zamani walitoka huko Shunde, kwa hiyo safari ya babu yako haina kitendawili.

Hata hivyo, kabla ya kuwakumbatia akina Tan wa Singapore, waombe waandike jina lao kwa herufi. Kama familia yao ni ya asili ya jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, na wamehifadhi matamshi ya Kihokkien, Tan yao ni 陳, sawa na Chan yenu. Lakini katika tahajia rasmi ya China ya leo, Tan ni ukoo mwingine kabisa, 譚, ambao kwa Kikantoni huitwa Tam. Nimeona watu wakijenga shajara nzima ya nasaba juu ya kufanana kwa sauti, na ikabomoka yote siku ilipoonekana herufi.

Kuhusu maana, nitakuwa na tahadhari, maana hapa ndipo wauzaji wa fremu za ukutani hupenda kubuni. Katika kamusi, chen ni kupanga vitu au kuvitandaza vionekane, ni kueleza jambo kwa utaratibu, na pia ni kitu kilichokaa muda mrefu. Maganda makavu ya machenza ambayo Wakantoni huyahifadhi kwa miaka na kuyatia kwenye supu huitwa chenpi kwa maana hiyo ya mwisho. Hakuna hata moja kati ya maana hizo iliyozaa jina la ukoo. Jina limetokana na mahali, yaani dola ndogo ya kale iliyoitwa Chen. Kwa umbo, upande wa kushoto wa herufi ni alama ya kale ya kilima au tuta la ardhi, na wa kulia ni herufi ya mashariki. Kwa kuwa alama ile ya kushoto inafanana na sikio, mtu wa ukoo huu akiulizwa ni Chen yupi, hujibu «er dong Chen», yaani Chen wa sikio na mashariki. Lijifunze jibu hilo. Litakufaa kila utakapojitambulisha kwa Mchina.

Sasa tuje kwa mfalme. Masimulizi yanayokubalika na karibu kila kitabu cha nasaba cha ukoo huu yamo katika kazi ya Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han. Anasimulia kwamba mfalme Wu wa Zhou alipoiangusha nasaba ya Shang, tukio ambalo wanahistoria wengi huliweka karibu na 1046 K.K., alimtafuta mtu wa uzao wa Shun, mtawala mwadilifu wa zama za visasili, ili matambiko ya Shun yasikatike. Akapatikana Gui Man. Mfalme akamwoza binti yake mkubwa na kumpa eneo la Chen, ambalo makao yake yalikuwa mahali panapoitwa Huaiyang leo, mashariki mwa jimbo la Henan. Baada ya kufa alipewa jina la heshima Hu Gong, na huyo ndiye mfalme unayesimuliwa, ingawa kwa usahihi alikuwa mtawala wa dola iliyokuwa chini ya Zhou.

Kumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwa na ukoo wa Chen. Wachina wa zama zile walikuwa na majina ya aina mbili: xing, lililoonyesha damu na kuzuia watu wa damu moja wasioane, na shi, lililoonyesha tawi, cheo au ardhi. Xing yake ilikuwa Gui. Chen lilikuwa shi, nalo lilishikwa na wale waliotoka katika dola hiyo. Tofauti kati ya majina hayo mawili ilififia kufikia enzi ya Han, na hapo ndipo Chen likawa jina la ukoo kama tulijuavyo.

Dola yenyewe ilimezwa na dola ya Chu mwanzoni mwa karne ya 5 K.K., lakini tawi moja lilikuwa limeshaondoka zamani. Mwaka 672 K.K. Wan, mwana wa mtawala wa Chen, alikimbia mgogoro wa nyumbani akaenda dola ya Qi, katika Shandong ya leo. Uzao wake ulijulikana huko kwa jina la Tian, ukapanda taratibu hadi ukawanyang'anya wenyeji utawala, na mwaka 386 K.K. mfalme wa Zhou akamtambua Tian He kuwa mtawala halali wa Qi. Ndiyo maana koo za Chen, Tian, Hu, Yao na Yu zinahesabiana kuwa ndugu, na hujumuika katika vyama vya pamoja hadi leo.

Herufi mbili kubwa zilizo juu ya jiwe ni 潁川, Yingchuan. Ni jina la jimbo la utawala la enzi ya Han, katikati ya Henan, nalo ndilo jina la heshima ambalo koo nyingi za Chen huliandika juu ya mlango, kwenye taa za harusi na kwenye makaburi. Ni mithili ya nisba ya Shirazi katika pwani yetu: mwenye kuitumia anataja mahali ambapo heshima ya ukoo inahesabiwa kuanzia, hata kama yeye na baba yake hawajawahi kupaona. Heshima ya Yingchuan inahusishwa na Chen Shi, aliyeishi 104 hadi 187 B.K., ofisa mdogo aliyesifika kwa uadilifu. Usiku mmoja aligundua kuwa mwizi amejificha juu ya boriti ya nyumba yake. Hakupiga kelele. Aliwaamsha wanawe na wajukuu, akawakalisha, akawaambia kwamba watu waovu hawakuzaliwa waovu bali mazoea ndiyo yamewafikisha hapo, kama vile bwana huyu aliye juu ya boriti. Mwizi akateremka na kuomba radhi, na Chen Shi akampa mijora miwili ya hariri aende zake. Hadi leo Wachina humwita mwizi kwa adabu «bwana wa juu ya boriti». Napenda kwamba ukoo wenye masimulizi ya wafalme umechagua kuandika juu ya makaburi yake mahali pa mtu huyu. Lakini usilichukulie neno Yingchuan kuwa ushahidi wa peke yake, kwa kuwa koo za Zhong na Lai nazo hulitumia.

Kutoka Henan ukoo ulielekea kusini kwa mawimbi kadhaa, hasa kila kaskazini ilipoingia vitani. Mwaka 557 Chen Baxian, aliyetokea eneo la Zhejiang ya leo, alianzisha nasaba ya kifalme iliyoitwa kwa jina la ukoo wake, ikadumu hadi ilipoangushwa na nasaba ya Sui mwaka 589. Mwaka 669 jemadari Chen Zheng alitumwa Fujian, na mwanawe Chen Yuanguang ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa Zhangzhou mwaka 686. Huyo huabudiwa katika mahekalu ya Fujian, Taiwan na Singapore, na akina Tan wengi humhesabu kuwa babu yao. Upande wenu wa Guangdong, vitabu vingi vya nasaba husimulia kwamba mababu walipitia kichochoro cha Zhuji huko Nanxiong, kaskazini mwa jimbo, katika enzi ya Song. Wanahistoria huyapokea masimulizi hayo kwa tahadhari, kwa sababu koo nyingi mno za delta ya Mto Pearl, kusini mwa Guangdong, zinadai njia hiyohiyo, na asili ya Kaskazini ilikuwa na faida kwa aliyetaka kutambuliwa kuwa raia mwenye haki ya ardhi.

Je, basi, wewe ni wa uzao wa Hu Gong? Kwa maoni yangu, jina peke yake haliwezi kuthibitisha hilo, na ningependa wanaokuambia vinginevyo wakuonyeshe hati. Chen ni ukoo wa tano kwa ukubwa nchini China na wa kwanza Taiwan, wenye makumi ya mamilioni ya watu, na mito yote hiyo haikutoka chemchemi moja. Mwaka 496 mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini aliwaamuru watu wake wa asili ya Xianbei, kabila la kaskazini lisilo la Kichina, wachukue majina ya Kichina, na ukoo wa Houmochen ukawa Chen. Katika karne zilizofuata watoto wa kupanga walipewa jina la baba aliyewalea, na wanaume waliohamia ukweni nao mara nyingine waliacha majina yao. Hata hekalu maarufu la ukoo huko Guangzhou, Chenjiaci, lililokamilika 1894, lilijengwa kwa michango ya akina Chen wa wilaya nyingi za Guangdong ambao hawakudaiwa kuthibitisha kwamba babu yao ni mmoja. Waliochanga waliweka vibao vya mababu zao humo, na vijana wao wakapata pa kufikia walipokwenda mjini kufanya mitihani. Undugu huo ni wa kweli kwa maana ya kusaidiana, na hapana haja ya kuubeza, ila si ushahidi wa damu.

Kinachoweza kukufikisha mbali ni kitabu cha nasaba cha kijiji chenu, kiitwacho zupu. Vingi viliteketezwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia 1966, lakini nakala zilibaki kwa waliohama, na Maktaba ya Shanghai ina hazina kubwa sana ya vitabu hivyo. Ili ukipate unahitaji mambo mawili. La kwanza ni kijiji, kwa sababu katika wilaya moja huwapo vijiji kadhaa vya akina Chen visivyohusiana. Usidanganywe na mji wa Chencun ulioko Shunde, maarufu kwa kilimo cha maua; jina lake lina maana ya kijiji cha Chen, lakini hilo halimfanyi babu yako kuwa mtu wa huko. La pili ni herufi ya kizazi. Koo nyingi zina shairi ambalo kila neno lake hupewa kizazi kimoja, nalo huwa sehemu ya majina ya wanaume wote wa kizazi hicho. Ukipata jina la babu yako pamoja na la kaka yake au binamu yake, herufi watakayoshirikiana huenda ndiyo hiyo.

Ujiandae pia kuona kwamba mama yako hayumo. Katika vitabu vya zamani wake huandikwa kwa ukoo wa baba zao tu, na mabinti huachwa au hutajwa kwa neno moja. Vinavyochapishwa upya siku hizi vingi huwaandika mabinti, na wahariri wa vijijini huwa na hamu ya kupokea habari za matawi yaliyovuka bahari, kwa hiyo si jambo la ajabu kuomba mama yako aingizwe.

Katika picha uliyoniletea, herufi zilizo chini ya 順德, ambazo bila shaka ndizo za kijiji, zimezibwa na ukungu na kivuli. Usizikwangue kwa brashi ya waya wala kuzipaka chaki, maana zote mbili huharibu jiwe. Zioshe kwa maji safi na brashi laini, acha zikauke, kisha piga picha asubuhi mapema jua likiwa linapiga kutoka ubavuni, ili michongo ijae kivuli. Piga na mstari wa kushoto pia, kwa kuwa ndio wenye tarehe: ukiona 民國, hiyo ni miaka ya Jamhuri, na mwaka wake hupatikana kwa kuongeza 1911, kwa hiyo mwaka wa 38 ni 1949.