Kabla ya usaili wa kazi ya programu, jifunze kufikiri kwa sauti

Vijana wengi wanaoniomba ushauri kuhusu usaili huanza na swali lilelile: nisome nini? Wamemaliza UDSM, DIT au IFM, au wamejifundisha wenyewe kwa bando la usiku. Kampuni ya teknolojia imewaita, wiki moja imebaki, nao wanataka orodha ya maswali. Orodha zimejaa mtandaoni, na LeetCode, tovuti ya mazoezi ya maswali ya programu, peke yake ina maswali ya kukutosha mwaka mzima. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza, nikiulizwa na nikiuliza, na ninachokiona kikiwaangusha watu wenye uwezo kabisa ni kunyamaza.

Msaili anatoa swali. Mwombaji anainamia laptopu robo saa nzima bila neno, kisha anageuza kioo na kusema amemaliza. Hata jibu likiwa sahihi, msaili atajuaje kwamba hukulikariri jana usiku? Na likiwa na kosa, hana cha kukupa alama, maana njia uliyopita hakuiona. Anatafuta mtu ambaye seva ikizimika saa tatu usiku ataweza kuwaeleza wenzake anaona nini, anashuku nini na anataka kujaribu nini kwanza.

Naelewa tulikotoka. Tumelelewa kwamba mkubwa akiuliza unajibu, humrudishii maswali. Darasani tulinakili notisi, tukadesa, tukaingia chumba cha mtihani kimya. Kwenye usaili wa programu mambo ni tofauti: kuuliza ni sehemu ya jibu. Chukua swali dogo tu: una orodha ya wateja, ondoa namba za simu zinazojirudia. Usikimbilie kibodi. Uliza kwanza kama 0754, 255754 na +255754, zikifuatwa na tarakimu zilezile, zihesabiwe mteja mmoja. Uliza kama zipo zilizoandikwa kwa nafasi katikati. Uliza kama orodha ina wateja elfu moja au milioni kumi. Mtu yeyote aliyewahi kushika data za wateja wa hapa kwetu ameshakutana na fujo hiyo, na atajua papo hapo kwamba anaongea na mwenzake.

Kisha eleza njia unayoiona, hata kama ni ya kizembe. Kulinganisha kila namba na kila nyingine kunafanya kazi, lakini kwa wateja 10,000 ni ulinganisho unaokaribia milioni 50. Ukizipitia mara moja tu huku ukiweka kila uliyoiona kwenye jedwali la hashi, yaani orodha inayokujibu papo hapo kama namba fulani imo au haimo, unauliza mara 10,000. Sema hayo kwa mdomo kabla hujaandika mstari wowote. Ongeza kwamba namba ya simu inahifadhiwa kama maandishi, kwa sababu ukiihifadhi kama hesabu ile sifuri ya mbele itapotea. Dakika mbili za maneno ya namna hiyo zinamwonyesha msaili mengi kuliko msimbo uliofika bila maelezo.

Maswali ya kubuni mfumo ndiyo yanayowatisha zaidi, na ndiyo ninayoyapenda, kwa sababu mkazi wa Dar anaishi ndani yake kila siku. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Wengi wenu mmekua mkiitumia. Basi fikiria mteja Kariakoo anamlipa mwenye duka kwa simu. Amebonyeza, mtandao ukayumba, hakuna ujumbe uliorudi. Anabonyeza tena. Utahakikishaje hela haikatwi mara mbili?

Hapa wengi hukimbilia kutaja majina ya teknolojia: Kafka, Redis, Kubernetes. Anza na tatizo lenyewe. Simu haijui kama ombi halikufika kabisa, au limefika ila jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa hiyo simu itengeneze namba ya utambulisho ya muamala kabla ya kutuma mara ya kwanza, na ikirudia itume namba ileile. Kanzidata (database) ikatae kuingiza namba hiyo mara mbili. Seva ikiiona tena, irudishe jibu la muamala wa kwanza bila kufungua mpya. Halafu eleza kwamba kumkata mteja na kumwongezea mwenye duka lazima vifanyike kwa pamoja: vyote viwili au hata kimoja kisifanyike. Taja pia kwamba pesa haihifadhiwi kwa namba za desimali za kawaida. Lugha ya programu ya Python ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, na JavaScript vivyo hivyo, kwa kuwa kompyuta huhifadhi desimali hizo kwa makadirio. Tumia namba kamili.

Jibu hilo halihitaji uwe umefanya kazi kampuni kubwa. Linahitaji ukae na jambo unalolijua na kulifuatilia hadi mwisho. Kabla ya usaili wako chukua mengine mawili matatu ya aina hiyo: umenunua umeme kwa simu, hela imekatwa, tokeni haijaja; au watu wengi wanakata tiketi za basi la mkoani kwa wakati mmoja na kiti kimebaki kimoja. Zungumza kila moja kwa sauti mpaka maelezo yako yasimame yenyewe.

Sasa suala la lugha, ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Usaili mwingi wa kazi hizi hapa mjini hufanyika kwa Kiingereza, au huanza kwa salamu za Kiswahili kisha ukahamia huko. Ushauri wangu ni huu: tatua swali ukimwelezea mwenzako wa chumbani kwa Kiswahili kwanza, kisha lirudie kwa Kiingereza huku simu ikikurekodi. Ukikwama kwenye Kiswahili, jambo lenyewe bado hujalielewa, rudi ukasome. Ukieleza vizuri kwa Kiswahili ukakwama kwenye Kiingereza, unachohitaji ni mazoezi ya sentensi, na hayo ni ya siku chache tu. Na ukikwama mbele ya msaili Mtanzania, omba umalizie hoja kwa Kiswahili. Nimewahi kuombwa hivyo nikakubali bila shida, na sikumpunguzia mtu alama hata moja.

Utaulizwa kuhusu kazi zako mwenyewe. Mradi wa chuo uliofanywa na watu watano una hatari yake, kwani mwombaji husema "tulitengeneza, tuliunganisha, tukajaribu" mpaka msaili ashindwe kujua wewe ulishika wapi. Sema: mimi niliandika sehemu ya malipo, mwenzangu kurasa. Sehemu yako ijue hadi chini. Kwa nini kanzidata hiyo na si nyingine? Watumiaji wakiongezeka mara kumi, kitakachoelemewa kwanza ni nini? Kama ulisaidiwa na programu za akili bandia, hakuna aibu, ila kila mstari uliouwasilisha uwe unaweza kuutetea.

Ukipewa jaribio la kufanyia nyumbani, andika maelezo ya namna ya kuliwasha, kisha mpe rafiki aliwashe kwenye kompyuta yake akiwa peke yake. Nywila zisiingie GitHub, tovuti unakoweka msimbo wako. Majina na namba za watu halisi usizitumie kama data ya majaribio. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwombaji anayeikumbuka bila kuulizwa anaonyesha kwamba anaweza kuaminiwa na taarifa za wateja.

Kama usaili ni wa video, chaji kila kitu mapema na uwe na laini ya mtandao wa pili yenye bando. Kama ni wa kufika ofisini nawe unatoka Mbagala au Kimara, foleni unaijua.

Mwisho ni mshahara, na hapa nawaomba mje na hesabu kichwani. Ukiambiwa 1,500,000 kwa mwezi, uliza kama ni kabla ya makato. Tuchukue kwamba ndiyo, na kwamba yote ni mshahara wa msingi. NSSF asilimia 10 ni 150,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 1,350,000 inayobaki: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya kinachozidi, jumla 233,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakwenda huko, yaani 225,000. Mkononi unabaki na 892,000. Nimeona vijana wakipanga chumba Sinza kwa kuhesabu ile milioni na nusu.

Kwa hiyo wakikutaka utaje kiwango, piga hesabu kurudi nyuma: anza na kiasi unachohitaji kiingie mkononi, rudishia makato yote, ndipo utaje, ukisema wazi kwamba unazungumzia kabla ya makato. Uliza pia kuhusu bima ya afya, urefu wa kipindi cha majaribio, na nani analipia bando siku unapofanyia kazi nyumbani. Majibu yote uyapate kwa maandishi kabla hujaaga kazi uliyonayo.