Nilianguka muhula wa tatu wa uuguzi kwa pungufu ya alama 0.4

Juma lililopita dada mmoja anayeishi hapa Texas aliniandikia kwamba ameondolewa katika masomo ya uuguzi ya chuo cha jamii baada ya kupata alama 73, ilhali alama ya kufaulu ni 75. Aliniuliza kama aache kabisa na kubaki na kazi yake ya kuwahudumia wazee. Usiku huo nilikuwa zamuni na nikamjibu kwa mistari mitatu tu, lakini swali lake lilininyima usingizi nilipofika nyumbani, kwa sababu mnamo Desemba 2022 mimi nilipata 74.6, na chuo changu hakikuwa na desturi ya kuongeza hata nukta moja.

Nilikuja Marekani mwaka wa 2016 kwa bahati nasibu ya viza, nikaanza kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, kama wengi wetu tunavyoanza. Masomo ya awali, yaani anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, saikolojia na Kiingereza, niliyasoma moja moja kwa miaka kadhaa nikiwa kazini, kisha nikafanya TEAS, mtihani wa kuomba nafasi ya uuguzi, na kuchaguliwa kuanza uuguzi Agosti 2021. Sehemu hiyo sitaisimulia kwa kirefu. Nitasema tu kwamba wastani wa alama za masomo hayo ndio unaotazamwa wakati wa kuchagua wanafunzi, na kwamba vyuo vingi havipokei masomo ya sayansi yaliyosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita, kwa hiyo usiyamalize leo ukadhani yatakungoja milele.

Siku niliyochaguliwa, mama yangu kule Nyamira, Kenya, alisimama kanisani akatangaza kwamba bintiye ni muuguzi Marekani. Nilikuwa bado sijashika sindano. Tangazo hilo lilinifurahisha, kisha likawa mzigo, kwa maana kila aliyelisikia alikuja na karo ya mtoto au ada ya hospitali, nami nikaona aibu kusema kwamba bado ni mwanafunzi. Nikaongeza zamu. Kufikia muhula wa tatu nilikuwa nikifanya kazi saa 56 kwa juma katika makao ya wazee, mara nyingi nikianza saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi, kisha siku za mafunzo hospitalini nikitakiwa kuwa wodini saa kumi na mbili u nusu asubuhi, jambo lililonilazimu kumsihi mwenzangu aniruhusu niondoke mapema.

Hata hivyo, uchovu peke yake haukuniangusha. Nilianguka pia kwa sababu nilisoma uuguzi kama nilivyosoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, kwa kukariri. Nakumbuka swali moja lililotupa wagonjwa wanne na kuuliza ni nani atazamwe kwanza. Mmoja alikuwa na maumivu makali baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Mwingine alikuwa ameondolewa tezi ya shingo jana yake, naye alisema tu kwamba midomo inamwasha kama imekufa ganzi. Nilimkimbilia wa goti kwa huruma. Lakini ganzi ile ya midomo huweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya kalisi, kwa kuwa tezi ndogo zinazoilinda kalisi ya damu huweza kuumizwa wakati wa upasuaji huo, na koo likikaza mgonjwa hawezi kupumua. Dalili hiyo nilikuwa nimeikariri neno kwa neno. Nilishindwa kuitambua ilipokuja ikiwa na sura ya mtu.

Habari zilipoenea, mama mmoja Mkenya niliyemheshimu sana aliniambia mbele ya wenzetu kazini kwamba uuguzi si wa kila mtu na kwamba wengi wamestaafu wakiwa CNA. Nimemsamehe, lakini maneno yake nayasikia hadi leo.

Nilirudi Agosti 2023, baada ya kukaa nje muhula mzima. Nilipunguza kazi hadi saa 24, na kilichoniwezesha ni ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo mwaka ule kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395 na ambayo hairudishwi kama mkopo. Kwa miaka mingi niliamini maneno ya watu kwamba ruzuku hiyo ni ya raia pekee, kumbe mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu huruhusiwa kuiomba. Dada zangu, msiulize mambo ya fedha sebuleni baada ya ibada. Nendeni katika ofisi ya misaada ya chuo mkaulize wenyewe. Tena punguzeni kazi. Najua nyumbani wanasubiri, nami walinisubiri, na nilipowaambia ukweli hakuna aliyekufa kwa miezi ile. Fanyeni maswali kila siku, na kwa kila jibu mlilokosa andikeni kwa nini jibu sahihi linatangulia, kwa maneno yenu wenyewe. Tena narudia, punguzeni kazi.

Nilihitimu Mei 2024, na mwezi wa Julai nikafanya mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ambao huweza kufika maswali 150. Kompyuta yangu ilikomesha mtihani baada ya swali la 85, idadi ya chini kabisa ya maswali. Nilifaulu, na kwa hilo naona fahari bila kuomba radhi kwa mtu.

Sasa nimjibu dada yangu ipasavyo. Usiache. Uliza leo tarehe ya mwisho ya kuomba kurudishwa, kwa sababu nafasi hutolewa tu pale inapopatikana, na ukichelewa huenda ukangoja mwaka. Barua yangu niliiandika mara nne. Ya kwanza ilimlaumu mwalimu, ya pili ikaeleza shida za nyumbani, na ya tatu ikaomba huruma. Ile niliyopeleka ilikuwa na kurasa mbili: moja ikitaja mada nilizokosa katika kila mtihani, na ya pili ikiwa ratiba ya juma langu, saa kwa saa, yenye sahihi ya msimamizi wangu wa kazi kuthibitisha kwamba zamu zangu zimepunguzwa.