Jibu: Kuzima miondoko ya slaidi zote kwa mara moja

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, slaidi za vizimba vya kufugia samaki aina ya sato ulizoachiwa na mwenzako zina maneno yanayoruka kila mstari, na kesho unawasilisha Nyegezi, Mwanza, na unataka kuzima miondoko hiyo yote kwa mara moja.

Usiifute kwanza. Kwenye PowerPoint ya kompyuta fungua Slide Show, Set Up Slide Show, weka tiki kwenye Show without animation. Miondoko yote inazimika, na mwenye faili akiitaka unaondoa tiki tu. Ila kagua picha zilizopandana, zitatokea zote pamoja na kufunikana.

Kufuta kabisa: Animations, Animation Pane, bofya kimoja kwenye orodha ya miondoko, Ctrl+A, Delete. Ni slaidi moja moja, inachosha kweli.

Mbwembwe za kuhama slaidi ni Transitions: None, kisha Apply To All. Kinachogoma kufutika, kitafute Slide Master, yaani kiolezo cha slaidi zote.