Usiitupe Redio Iliyokuja na Gari: Itoe, Funga Adapta, Irudishe

Redio ya gari langu haikuwa na USB wala tundu la kuchomeka simu. Karibu kila niliyemuuliza aliniambia niing'oe, nifunge mpya yenye skrini. Sikutaka. Sauti yake ni safi, vitufe vya kwenye usukani vinaitii, na uso wake umekatwa kufuata mkunjo wa dashibodi. Ilikosa jambo moja tu, mlango wa kuingizia muziki wa simu.

Nilianza na kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, kinachorusha muziki kwa mawimbi ya FM. Safari ndefu ilikuwa kazi ya kutafuta masafa matupu kila baada ya muda, na hata pakitulia, FM hupitisha sauti hadi takriban kilohezi 15, kwa hiyo mlio wa juu wa matoazi hupungua. Adapta ya waya, kifaa kidogo kinachounganisha simu na redio, ni kitu kingine kabisa. Redio nyingi za kiwandani za zamani zina tundu nyuma lililowekwa kwa ajili ya chenja ya CD, lile sanduku la kubadilisha CD lililokuwa likifungwa kwenye buti. Adapta huchomekwa hapo na kujitambulisha kwa redio kama chenja, nayo redio huifungulia njia ya sauti. Hukati waya wowote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua adapta kwa jina la gari. Gari la aina moja, la mwaka mmoja, linaweza kuwa limefungwa redio mbili tofauti, na plagi niliyoletewa haikuingia. Ninachofanya sasa ni kuitoa redio kwanza, nipige picha ya lebo iliyo kwenye bati lake na ya matundu yote ya nyuma, niirudishe, ndipo ninunue. Ni kazi mara mbili, lakini ya pili huenda haraka.

Kabla ya kugusa betri, tafuta msimbo wa redio. Nyingi zina kinga ya wizi: umeme ukikatika, redio inadai namba, na ukikosea mara kadhaa inajifunga. Tazama kwenye kitabu cha gari au ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kama gari ni otomatiki na mkono wa gia unaziba njia, vuta handbreki, shusha gia ukiwa bado na umeme, halafu zima swichi ya gari. Fungua terminali ya hasi ya betri kwanza, mara nyingi kwa spana namba 10, kisha subiri dakika kadhaa ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) uishe. Plagi za njano utakazoziona humo kwa kawaida ni za eabegi, ziache zilivyo.

Sasa fremu, na hapa ndipo magari mengi yanapojeruhiwa. Redio yenyewe hushikwa na skrubu nne hivi. Fremu iliyoizunguka inashikwa na klipu, na mara nyingi skrubu moja au mbili zilizofichwa. Mimi nilichukua bisibisi bapa nikaanza kubinua. Fremu ilitoka upande mmoja, upande wa pili ukagoma, nikaongeza nguvu. Ilipasuka pembeni. Skrubu ilikuwa nyuma ya kisahani cha majivu, na ule ufa nauona hadi leo kila nikikaa kwenye usukani. Fremu ikigoma baada ya kuvutwa kwa nguvu ya wastani, acha kuvuta, tafuta skrubu: chini ya vifuniko vidogo, nyuma ya kisahani cha majivu, juu ya saa. Tumia vibanuo vya plastiki, bandika selotepu ya karatasi kando ya fremu, funika mkono wa gia kwa taulo. Kama kuna baridi, washa hita kabla hujakata umeme, maana plastiki baridi huvunjika upesi.

Fremu ikiachia, usiivute hadi mwisho. Nyuma yake huwa kuna nyaya za hazadi, pengine na za kiyoyozi. Bonyeza ulimi wa kila plagi na ushike plagi yenyewe. Antena nayo ni hivyo hivyo: shika kichwa chake, usivute waya. Baadhi ya redio za umbo dogo, milimita 180 kwa 50, hazihitaji haya. Zina matundu madogo usoni, unaingiza vyuma vyake maalumu hadi visikike vimeshika, unavuta.

Adapta nyingi zina swichi ndogo za kuchagua aina ya redio. Zipange kabla ya kurudisha umeme. Ikiwa adapta yako inahitaji umeme wa kuunga, pima kwa mita. Mazoea ya redio za kununua dukani kwamba njano ni umeme wa kudumu, nyekundu wa swichi ya ufunguo na nyeusi hasi hayafuatwi na kila kiwanda.

Kisha jaribu kila kitu kabla ya kufunga. Rudisha plagi zote, hata ya hazadi na ya taa ya eabegi, kwa sababu ukiwasha swichi ya gari huku plagi moja ikiwa nje, taa ya hitilafu inaweza kubaki inawaka. Unga betri, weka msimbo, bonyeza kitufe cha CD, cheza wimbo huku injini ikiunguruma. Ukisikia mluzi unaopanda pamoja na injini simu ikiwa kwenye chaji, hasi za chaja na za redio zimeungwa mahali tofauti na zinagongana. Unga hasi ya adapta mahali pamoja na ya redio, au weka kichujio cha kutenganisha kwenye waya wa sauti.

Adapta ifunge kwa sponji isigonge, mbali na usukani, pedeli na feni, na waya wa simu upitishe hadi kwenye kisanduku cha mbele ya abiria. Mwisho chungulia dashibodi: klipu zilizobaki humo zitoe uzirudishe kwenye fremu, ndipo uisukume kwa kiganja, ukisikiliza kila klipu ikiingia.