Bisha hodi kwanza, linki baadaye

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, naishi Uru, huku Kilimanjaro, nahudumia kihamba (shamba la ukoo) alichoacha babu. Tangu Januari naandika blogu ya kahawa na migomba, makala moja kila wiki. Wasomaji hawazidi 11 kwa siku, na nadhani wanne kati yao ni mimi mwenyewe, nikifungua kwa simu na kwa kompyuta ya shemeji. Nikimaliza kuandika natupa linki kwenye magrupu 14 ya WhatsApp. Mawili yameshanitoa. Rafiki mmoja ananiambia ninunue wafuasi, mwingine anasema niweke RSS. Nifanye lipi? Na je, niandike Kiswahili au Kichaga?
Mkulima, Uru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo magrupu mawili yamekufanyia hisani, ingawa najua inavyouma. Mimi sikutolewa, mimi niliulizwa. Nilikuwa na duka la steshenari karibu na stendi hapa Moshi, ndiyo kwanza naanza kuandika habari za ndizi. Usiku mmoja nikatupa linki yangu kwenye grupu la ukoo bila kuangalia juu yake kumeandikwa nini. Juu yake kulikuwa na tangazo la msiba na orodha ya michango. Mwenyekiti wa ukoo akajibu mstari mmoja: "Mama, jina lako kwenye mchango silioni, ila ndizi naziona." Nikafuta haraka. Lakini WhatsApp ukifuta inaacha maneno kwamba umefuta, na hayo nayo ukoo mzima uliyasoma.

Naona na wewe umeingia mlemle. Unapita kwenye magrupu kama machinga mwenye mzigo begani, hakai mahali mteja akamjua. Mama wa mitumba pale Kiborloni ana meza yake. Ukinunua blauzi ikakubana, unajua pa kumrudia. Basi tafuta meza. Katika hayo 12 yaliyobaki, chagua matatu ambayo watu wanaongea kahawa na migomba kweli, mengine kaa kimya humo au aga utoke.

Halafu kwa mwezi mmoja usiweke linki hata moja. Jibu watu. Najua unasoma hapa unasema huyu mama ananipotezea muda, ila ngoja nikueleze wasomaji wangu wa kwanza walitoka wapi. Mkulima mmoja alituma picha ya jani la kahawa, upande wa chini lina unga wa rangi ya chungwa, akauliza kama ni ugonjwa wa chule buni. Watu wakaanza kubishana. Nikamwandikia pale pale, aya tatu: huo unga chini ya jani ni kutu ya majani. Chule buni utaiona kwenye tunda bichi, madoa meusi yaliyobonyea, na tunda linaoza. Nikamwambia apunguze matawi na kivuli ili hewa ipite, na akitaka kupanda upya aulizie miche ya chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo, ambayo imezalishwa ivumilie magonjwa yote mawili. Sikuweka linki, wala sikusema kwamba naandika. Kufika jioni watu watatu walikuwa wamenifuata faragha wakiuliza kama nina maelezo marefu zaidi. Hao ndio niliowapa linki, na mmoja wao ndiye aliyeipeleka kwenye grupu ambalo mimi hata simo.

Wakishakuomba, usiwaachie waondoke hivi hivi. Waweke kwenye brodikasti ya WhatsApp, orodha ya kutuma ujumbe mmoja ukamfikia kila mtu faragha, lakini waombe kwanza wahifadhi namba yako. Asiyekuhifadhi kwenye simu yake ujumbe wa brodikasti haumfikii, na wewe utakaa unadhani amekupuuza. Orodha moja inabeba watu 256. Ukiwajaza hao wote wakiwa wamekuomba wenyewe, njoo Moshi nikununulie mtori.

Sasa RSS. Rafiki yako amesema kweli, ila unayo tayari. Kama blogu yako ni ya WordPress, andika anwani yako kisha ongeza /feed mwishoni. Kama ni ya Blogger, ongeza /feeds/posts/default. Utaona maandishi yamejaa alama za ajabu, usiogope. Huo ndio mlisho wa RSS, mfereji unaochukua kila makala mpya na kuipeleka kwa aliyejiunga, bila yeye kuja kuchungulia kila siku kama umeandika. Sisi watu wa mlimani mifereji hatufundishwi: maji yanatoka juu, kila mwenye zamu anafungulia kwake. Zamani wengi walisomea milisho yao kwenye Google Reader. Ilipofungwa Julai 2013 wengi wao hawakuhamia kwingine, kwa hiyo usitegemee mamia. Wanaoutumia hadi leo ni wachache, lakini ni watu wa kusoma hadi mwisho: waandishi wa habari, watafiti, mabwana shamba wanaopenda kompyuta.

Kitu kimoja tu urekebishe humo. Kwenye mipangilio chagua mlisho utoe makala nzima, usitoe mistari miwili na "endelea kusoma". Kuna mwenye bando la kubana anayepakua akiwa kwenye waifai ya ofisini na kusoma akiwa kwenye daladala. Huyo kaunta yako haitamwona. Amekusoma lakini. Mimi nilichelewa sana kulikubali hilo, nilikuwa nahesabu wageni kila asubuhi kabla sijapiga mswaki.

Wafuasi wa kununua, hapana. Hawana kihamba.

Wenye kihamba unaowasahau ni wale wa Dar. Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti, alianza blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, mwanablogu Ndesanjo Macha akimsaidia kuifungua. Picha zake za harusi, misiba na mitaa zikawa zinafuatwa sana na Watanzania walio mbali na nyumbani. Na Mchaga aliye Mbezi naye yuko mbali na nyumbani, mwanangu. Ana migomba inayotunzwa na shangazi, na Desemba atapanda huku na familia nzima, atatembea kihambani amefunga mikono nyuma, hajui aseme nini. Mwandikie yeye Novemba: mambo ya kukagua kihamba ndani ya siku tatu, maswali ya kumuuliza shangazi bila kumuudhi. Makala hiyo iweke Facebook yote nzima, pamoja na picha uliyopiga wewe mwenyewe, ya udongo na majani makavu. Picha za mtandaoni za kahawa ya Brazil watu wanazitambua.

Na wasio na simu za kisasa? Chapa makala moja kwa herufi kubwa, muombe karani wa AMCOS yenu, chama cha ushirika cha wakulima, aibandike ubaoni siku ya malipo ya kahawa. Siku hiyo watu wanakaa foleni na hawana la kusoma. Chini andika namba yako ya simu, si anwani ya blogu. Mimi nilipigiwa simu na mzee wa miaka mingi akinisahihisha jina la mgomba, na alikuwa na haki.

Kabla hujaanza kuweka matangazo ya biashara, pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda Arusha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usisikilize ya vijiweni, waulize wenyewe zilizopo sasa.

Kuhusu lugha: andika Kiswahili. Kichaga kipi? Ukiandika cha Uru, wa Rombo atasoma kwa kukisia na wa Machame atakucheka. Lakini majina yaache kama yanavyosemwa nyumbani kwenu: mchare, kitarasa, na ile migomba ambayo anayeijua jina ni bibi yako peke yake. Mpeleke kihambani na simu, mrekodi akiitaja mmoja mmoja. Hiyo ndiyo makala yako ya wiki ijayo, na nitumie na mimi sauti yenyewe, kwetu kuna mgomba mmoja nyuma ya zizi tumebishana jina lake tangu mama yangu yupo hai.