Wadogo zangu mnaoanza maabara Japani, semeni mapema

Kila Aprili na kila Oktoba kundi jipya linatua viwanja vya ndege vya Kansai na Narita, na haipiti miezi miwili simu yangu hapa Dar inaanza kuita. Juzi ni kijana wa Monbusho, ule ufadhili wa serikali ya Japani: bumu halijaingia, anadhani ubalozi umemsahau. Kumbe hakwenda kusaini. Jana ni binti wa ABE, ule ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika, katupa barua zote za pensheni eti zilikuwa kanji tupu, zile herufi zenye asili ya Kichina. Nawapenda, lakini mnanichosha. Haya haya tuliwaambia waliowatangulia, nao wakayavurunda vilevile. Nayaandika tena, na safari hii naongeza moja ambalo aibu ilikuwa inanizuia kuliandika.

1. Saini ya kila mwezi. Hujasaini, huna bumu la mwezi huo, na hakuna wa kumlilia.

2. Bahasha haitupwi mpaka aliyesoma kanji aione. Ukihama, peleka zairyu kado yako, yaani kadi ya ukaazi, manispaa ndani ya siku 14, na papo hapo ulizia utaratibu wa wanafunzi wa kuahirisha pensheni. Bima ya afya msiilalamikie. Siku jino litakapokuamsha usiku, ukalipa asilimia 30 tu ya gharama, utanikumbuka.

3. Baiskeli ya kurithi. Mbongo anayeondoka atakuachia baiskeli, jiko la wali na kotatsu, ile meza fupi yenye hita na blanketi. Baiskeli mkaibadilishe jina kabla hajapanda ndege. La sivyo polisi wa koban, kile kituo kidogo cha mtaani, atakusimamisha usiku, atamulika namba ya usajili, na utatumia saa nzima ukieleza kwa Kijapani cha N5, ngazi ya chini kabisa, kwamba mwenye jina hilo yuko Mbeya anafundisha kemia. Kotatsu ichukueni bila kuuliza. Geto langu lilikuwa la mbao, kando ya reli ya Hankyu, na Januari nilikuwa naona pumzi yangu nikiwa ndani. Jumapili tulikuwa tunajazana, miguu yote chini ya blanketi lile, tunakula ugali na kuku wa halali kutoka maduka ya jirani na ule msikiti wa Kobe wa mwaka 1935, na anayeagizwa chumvi jikoni anajifanya kalala. Sijapata tena ugali mtamu hivyo, na Dar sembe imejaa kila duka.

4. Supu ya rameni mara nyingi ni ya mifupa ya kiti moto hata kama nyama huioni. Uliza kabla ya kuketi.

5. Ukiharibu kitu maabara, sema siku hiyohiyo. Mwezi uliopita kijana mmoja kanisimulia, huku anacheka, jinsi alivyovunja kifuniko cha sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha sampuli, akakirudisha mahali pake, anasubiri upepo utulie. Sikucheka naye.

Maabara yetu, kaskazini mwa Osaka, ilikuwa na friza kuukuu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Barafu ilikuwa inajijenga kwenye mpira wa mlango, na kila ukifungua ulitakiwa uikwangue. Jumatano moja usiku nilikuwa wa mwisho kutoka, treni ya mwisho inakaribia. Nikarudisha boksi langu, nikausukuma mlango, king'ora kikalia. Kwa kawaida kilikuwa kinalia ukichelewa kufunga, kisha kinanyamaza chenyewe. Nikabonyeza kitufe cha kukizima, nikasaini daftari la mtu wa mwisho kwamba kila kitu kiko sawa, nikatimua mbio stesheni.

Asubuhi nilifika kabla ya wote. Mlango ulikuwa umeachia upana wa kidole. Namba za mlangoni zilisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Nikakwangua barafu, nikafunga, nikabaki pale nikizitazama namba zikishuka: 24, 31. Watu walipoanza kuingia nikawasalimia kama siku zote. Nilijiambia vitu bado vimeganda, hakuna kilichoharibika. Tena nilikuwa bado kenkyusei, mwanafunzi wa utafiti ambaye hajaingia shahada, mtihani wa kuingia shahada ya uzamili uko mbele, nianze kujichafua kwa sensei, profesa wetu, kwa ajili ya barafu?

Mle ndani zilikuwamo tishu za panya za senpai wangu, mwanafunzi aliyenitangulia maabara, kazi ya miaka yake yote ya shahada ya udaktari. Alhamisi akatoa baadhi, akachuja RNA, molekuli ya chembe hai inayoharibika upesi baridi ikipungua, ikatoka mbovu. Ijumaa akarudia. Jumamosi akarudia mpaka usiku. Akaanza kuishuku kemikali, akaagiza nyingine. Halafu akaishuku mikono yake mwenyewe. Akaniomba nisimame pembeni nimwangalie kama kuna hatua anairuka. Nikasimama, nikamwangalia mwanzo mpaka mwisho, nikamwambia sioni kosa.

Sasa, friza za zamani zina karatasi ya duara nyuma ya kifuniko kidogo, na kalamu inayochora joto la wiki nzima. Aliyekuwa anaibadilisha kila Jumatatu ni senpai huyohuyo. Jumatatu hiyo akaichomoa, akaitazama, akaja kuilaza mezani kwangu bila neno. Mstari mwekundu ulikuwa umetulia mpaka Jumatano usiku, ukavimba kama kichuguu, halafu Alhamisi asubuhi, kabla ya saa mbili, ukaanza kurudi chini. Nani alikuwepo kabla ya saa mbili, maabara nzima ilijua. Na daftari la usiku lilikuwa na jina langu, kwa katakana nzuri tu, herufi za kuandikia majina ya kigeni.

Sensei hakufoka. Aliuliza swali moja: ulijua lini? Ningefokewa ingekuwa nafuu. Kisha ikabainika kwamba maabara ya jirani nayo ilikuwa imeweka sampuli zake humo. Aliyepaswa kwenda kuomba radhi ni senpai, kwa kuwa mimi nilikuwa chini ya uangalizi wake. Tukaenda kwanza Umeda, ghorofa ya chini ya duka kubwa, akanunua boksi la keki kwa hela yake mwenyewe, akakataa yangu. Mlangoni kwa jirani tukainama wote wawili. Mimi niliinuka mapema, nikadhani tumemaliza. Nikamkuta yeye, aliyepoteza kuliko sisi wote, bado yuko chini. Ikabidi nirudi kuinama.

Jioni akaninunulia kopo la kahawa ya moto kwenye mashine ya koridoni. Akasema ningempigia simu Jumatano usiku angekuja na barafu kavu, ningemwambia Alhamisi angezipima kwanza zile tishu kabla ya kupoteza kemikali. Kuhusu tishu hakulalamika. Alilouliza ni kuhusu ile Jumamosi, nilipomwambia sioni kosa. Sikuwa na jibu kwa Kijapani, wala kwa Kiswahili.

Horenso, yaani kuripoti, kutaarifu na kuomba ushauri, mmefundishwa kwenye semina, najua, na karatasi yake mmeibandika ukutani. Itumieni. Hata kwa meseji yenye makosa ya sarufi, hata saa sita usiku. Wewe kijana wa sentrifuji, kesho asubuhi.

6. Arubaito, yaani kibarua cha mwanafunzi, ni saa 28 kwa wiki, basi. Uhamiaji wanajua kujumlisha.

7. Msiishie maabara na getoni. Kwenye ngazi za umeme za Osaka simameni kulia, Tokyo kushoto, na mkichanganya mtasikia koo zinasafishwa nyuma yenu. Novemba pandeni mpaka maporomoko ya Minoh, njiani mnunue majani ya mti wa momiji ya kukaanga. Hayana ladha ya maana, nami nayatamani mpaka leo. Reli ya juu inapita ubavuni mwa Mnara wa Jua wa msanii Okamoto Taro, uliobaki tangu maonyesho ya dunia ya 1970, nami nilikuwa nahama kiti ili niuone vizuri. Tena Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili, kwa hiyo angalieni mnavyosengenya watu kwenye treni. Mwanafunzi mmoja wa huko aliniamkia shikamoo stesheni, halafu akanisahihisha ngeli mbele za watu. Alikuwa sahihi.

Atakayekuja likizo aniletee kari ya Kijapani ya vipande vya kuyeyusha, ile kali. Ile tamu ya watoto mle wenyewe.